Sura ya Sita: Nani Anarudi Kuangalia? Usimamizi wa Malezi ya Kambo ya Dharura

Malezi ya kambo ya dharura ni utaratibu ambao mtoto aliyeondolewa ghafla mahali penye hatari, au aliyepatikana bila mtu mzima wa kumtunza, huwekwa kwa muda mfupi katika familia iliyokwisha kuchunguzwa na kuidhinishwa kabla ya haja kutokea, wakati mamlaka zinatafuta ndugu zake, zinachunguza shauri lake na kuamua aende wapi. Utaratibu huu hutofautiana na kuasili, ambako mtoto hupata wazazi wapya kisheria, na hutofautiana vilevile na malezi ya kambo ya kawaida, ambayo yaweza kudumu miaka. Mijadala mingi juu yake huishia kwenye swali la nani anafaa kuwa mlezi. Sura hii inashughulika zaidi na swali linalofuata, ambalo ndilo zito kuliko lile la kwanza: mtoto akishakabidhiwa na afisa akaondoka, ni nani anayerudi kuangalia, anaangalia nini, na ana mamlaka gani ya kuchukua hatua siku hiyohiyo?

Kwa Tanzania Bara msingi wa kisheria umo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kwa Zanzibar katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Sheria ya Bara inamtambua mtu anayefaa kupewa mtoto kuwa ni mtu mzima mwenye maadili na uadilifu wa hali ya juu, mwenye akili timamu, asiye ndugu wa mtoto, anayeweza kumtunza, na ambaye afisa ustawi wa jamii amemkubali kuwa anaweza kumpa mtoto makazi yenye upendo. Katika kazi ya kila siku watu hao huitwa walezi wa kuaminika, na nyumba zao familia za kuaminika. Maneno ya sheria yanastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu yanamweka afisa ustawi wa jamii, si polisi, si mwenyekiti wa mtaa wala shirika linalofadhili mradi, kuwa ndiye anayeidhinisha. Aliyeidhinisha ndiye anayewajibika, na wajibu wake haumaliziki kwa kutia sahihi.

Sababu ya kuchagua familia badala ya makao ya watoto haikutokana na huruma peke yake. Katika miaka ya 1960 James na Joyce Robertson, waliofanya kazi London, walijitolea kuwapokea nyumbani kwao watoto wadogo wanne, mmoja baada ya mwingine, ambao mama zao walikuwa wamelazwa hospitalini, wakarekodi kwa filamu kila mtoto alivyoishi siku hizo. Walirekodi pia mtoto wa tano, wa kiume mwenye umri wa miezi 17, aliyepelekwa si kwao bali kwenye makao yenye wauguzi vijana, wachangamfu na wasio wakatili, lakini waliobadilishana zamu kiasi kwamba hakuna aliyekuwa wake. Mtoto huyo alikaa huko siku tisa tu. Alianza kwa kumtafuta mtu wa kumshika, akashindwa kumpata, akalia hadi akachoka, akakataa chakula, na mama yake alipokuja kumchukua akamkataa hata yeye. Wale wanne waliolelewa katika familia moja, na mtu mmoja, nao walihuzunika, ila hawakuvunjika namna ile. Tofauti haikuwa wema wa watu. Ilikuwa kwamba upande mmoja palikuwa na mtu anayemjua mtoto, na upande wa pili palikuwa na zamu.

Miongo mitatu baadaye, utafiti ulioanza Bucharest, Romania, ulifuatilia watoto 136 waliokuwa wakiishi katika makao ya serikali, nusu yao wakichaguliwa kwa bahati nasibu kuhamia familia za kambo zilizoandaliwa maalumu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa waliohamia familia walipata maendeleo makubwa zaidi ya akili, na kwamba kadiri mtoto alivyohamishwa mapema, hasa kabla ya kutimiza miaka miwili, ndivyo nafuu ilivyokuwa kubwa. Jambo linalosahaulika pale utafiti huu unapotajwa katika semina ni kwamba familia hizo hazikuachwa peke yao: zilikuwa na maafisa wao wa ustawi waliozitembelea, na maafisa hao nao walikuwa na watu wa kushauriana nao. Anayesema kwamba familia hushinda makao amesema nusu ya ukweli, kwa kuwa familia iliyoshinda katika ushahidi huo ilikuwa familia yenye usimamizi. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto, uliopitishwa na Baraza Kuu mwaka 2009, unataka watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka mitatu, walelewe katika mazingira ya familia, lakini unataka pia mlezi yeyote awe chini ya uangalizi wa mamlaka inayojulikana.

Hatari ya kusahau sehemu hiyo ya pili ina historia ya kusikitisha, na shauri linalojulikana kuliko yote ni la Dennis O'Neill. Mtoto huyo wa Newport, Wales, alikuwa ameondolewa kwa wazazi wake kwa amri ya mahakama na kuwekwa chini ya halmashauri ya mji huo. Katikati ya mwaka 1944 halmashauri ilimpeleka yeye na mdogo wake kwenye shamba moja katika wilaya ya Shropshire, Uingereza, kwa mume na mke walioitwa Gough. Tarehe 9 Januari 1945 Dennis alikufa, akiwa na umri wa miaka 12, baada ya kupigwa na kunyimwa chakula. Mume alihukumiwa kwa kuua bila kukusudia.

Uchunguzi uliofanywa na Walter Monckton mwaka huohuo ulionyesha kwamba hakuna aliyetaka mtoto afe, na kila ofisi ilikuwa na karatasi zake. Newport ilikuwa mbali na shamba. Shropshire ilikuwa karibu lakini mtoto hakuwa wake. Barua zilikwenda na kurudi kuhusu nani anapaswa kumtembelea. Ukaguzi uliotakiwa na kanuni haukufanyika kwa wakati. Karani mmoja wa Newport alifika shambani tarehe 20 Desemba 1944, akamwona mtoto, akatambua kuwa hali yake si nzuri na akapendekeza aondolewe. Pendekezo lake lilikuwa sahihi, lakini karani hakuwa na uwezo wa kumchukua mtoto siku ile, na mwenye uwezo huo hakuchukua hatua. Siku 20 baadaye mtoto alikuwa maiti. Kelele za umma zilizofuata zilichangia kuundwa kwa kamati iliyoongozwa na Myra Curtis, iliyotoa taarifa yake mwaka 1946, na hatimaye kupitishwa kwa Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1948, ambayo iliitaka kila halmashauri iwe na afisa wa watoto mmoja anayejulikana kwa jina.

Shauri hilo linafundisha mambo matatu ambayo msimamizi wa mpango wa dharura hapa Afrika Mashariki atayakuta mezani kwake bila mabadiliko makubwa. La kwanza ni mpaka: mtoto anaokolewa katika wilaya moja, familia ya kuaminika iko wilaya nyingine, shauri la jinai liko katika kituo cha polisi cha tatu, na kila upande unaamini kwamba mwingine ndiye anayefuatilia. Dawa yake ni jina moja la afisa mmoja juu ya jalada la mtoto, ambalo halibadiliki hata mtoto akivuka mpaka wa wilaya mpaka afisa mwingine akubali kwa maandishi kumpokea. La pili ni muda kati ya kuona na kutenda. Kumtembelea mtoto bila uwezo wa kumwondoa ni kushuhudia tu. Kwa hiyo afisa anayetembelea lazima awe na namba ya simu ya mtu mwenye mamlaka anayepokea simu hata usiku na siku za sikukuu, na lazima kuwe na nyumba ya pili iliyo tayari, kwa maana afisa asiye na mahali pa kumpeleka mtoto hujikuta akijishawishi kwamba hali si mbaya sana. La tatu ni ujuzi wa kutazama, nalo linahitaji maelezo marefu zaidi.

Mtembeleaji asiye na mafunzo huketi sebuleni, hunywa chai, humuuliza mlezi habari za mtoto, humuuliza mtoto mbele ya mlezi kama anaendelea vizuri, na huandika kwamba mtoto anaendelea vizuri. Taarifa za namna hii ni nyingi katika majalada, na hazina thamani yoyote. Mtembeleaji mwenye mafunzo hutaka kuona mtoto analala wapi, juu ya nini na pamoja na nani. Hupata nafasi ya kuzungumza naye peke yake, hata ikiwa ni kwa kutembea naye hadi dukani. Humuuliza anaamka saa ngapi, nani huteka maji, nani huosha vyombo, jana usiku alikula nini na alikula na nani. Maswali hayo yanaonekana madogo, lakini katika mazingira ambamo watoto wa kike wa ndugu wa mbali hupokelewa mijini kwa jina la kusaidiwa na kuishia kuwa wafanyakazi wa ndani wasiolipwa, ndiyo yanayofichua kama familia imepokea mtoto au imepata mtumishi. Mtoto anayeamka saa kumi alfajiri ilhali watoto wa nyumba wanaamka saa kumi na mbili hahitaji kulalamika ili afisa aelewe. Hali kadhalika, afisa humtazama mlezi mwenyewe: kama amechoka, kama majirani wameanza kumsema, kama mume aliyekubali kwa maneno siku ya usaili bado anakubali.

Usimamizi wenyewe huanza kabla mtoto hajaingia nyumbani. Mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono lazima apite hospitalini kwanza, kwa kuwa dawa za kinga dhidi ya maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio, na kwa kuwa ushahidi hupotea upesi. Nchini Tanzania fomu ya polisi namba tatu, ile inayojulikana kwa kifupi kama PF3, na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ni sehemu ya safari hiyo, na pale palipo na kituo cha mkono kwa mkono, yaani kituo kinachokusanya tabibu, polisi na afisa ustawi chini ya paa moja, mtoto huepushwa na kusimulia mkasa wake mara nne kwa watu wanne. Dawa hizo humezwa kwa siku 28. Mlezi anayempokea usiku wa manane lazima basi aelezwe dawa hutolewa saa ngapi na mtoto arudishwe kliniki lini, bila kumwagiwa maelezo yote ya tukio ambayo hayamhusu. Kadhalika aambiwe wazi kwamba mtoto anaweza kukojoa kitandani, kuficha mikate chini ya mto, kukataa kuoga, kukaa kimya siku mbili au kumwita mama baada ya saa moja, na kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linalostahili adhabu. Maelezo ya dakika kumi mlangoni huzuia maafa mengi kuliko semina ya siku tatu iliyofanyika mwaka uliopita.

Siku tatu za kwanza ndizo ngumu kuliko zote. Ni kipindi ambacho mtoto huweza kutoroka ili kurudi hata kwenye nyumba alikopigwa, na ambacho ndugu wa mtuhumiwa huanza kuulizia alikopelekwa. Anwani ya familia ya kuaminika kwa hiyo ni siri, na siri hiyo ina gharama, kwa kuwa mtaani hakuna mgeni asiyeulizwa ni mtoto wa nani. Desturi ya kumshirikisha kila kiongozi wa mtaa kwa heshima inagongana hapa na usalama wa mtoto, na inapogongana, usalama ndio unaotangulia. Kiongozi anayepaswa kujua ajulishwe kwa sababu ana kazi ya kufanya, si kwa sababu ya cheo. Simu katika saa 24 za kwanza na ziara ya mguu kabla ya siku ya tatu kwisha ni kiwango ambacho mpango wowote unaojiheshimu unapaswa kujiwekea.

Suala la fedha huzungumzwa kwa haya, pengine kwa sababu ya imani kwamba mlezi mwema halipwi. Kumlipa mlezi mshahara kunaweza kweli kuwavuta watu wasiofaa, na hofu hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo, kumwomba mama lishe au mwalimu wa shule ya msingi ampokee mtoto mgonjwa saa sita usiku, ampeleke kliniki kwa nauli yake, amnunulie sare na sabuni, kisha aambiwe ahsante, ni kuuhamishia umaskini wa serikali kwenye mfuko wake. Njia ya kati ni posho ya kurudisha gharama, inayojulikana mapema, inayolipwa kwa stakabadhi na kwa wakati. Posho iliyochelewa miezi miwili hufuta majina kwenye orodha ya walezi kimyakimya: hakuna anayejiuzulu, simu tu hazipokelewi tena.

Kasoro kubwa ya mipango hii, hata hivyo, ni kwamba dharura haina mwisho. Mtoto aliyewekwa kwa wiki mbili hukutwa palepale baada ya miezi kumi, si kwa uamuzi wa mtu yeyote bali kwa sababu hakuna aliyeamua. Shahidi hajapatikana, upelelezi haujakamilika, afisa amehamishwa, na mtoto ametulia. Kutulia huko ndiko kunakodanganya. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekaa miezi kumi ameshapata mama, na kumwondoa sasa ni kumwachisha mara ya pili, wakati kumwacha bila amri ya mahakama ni kumnyima ndugu zake haki ya kutafutwa na kumnyima yeye mwenyewe hadhi ya kisheria. Ndiyo maana msimamizi makini huwa na orodha ya watoto wote iliyopangwa kwa idadi ya siku ambazo kila mmoja amekaa, aliyekaa muda mrefu kuliko wote akiwa juu, na kila wiki huwaita maafisa wake kwenye kikao cha shauri, yaani kikao cha kupitia jalada moja baada ya jingine, akianza na jina la juu. Swali la kikao ni moja: wiki hii amefanya nani kitu gani ili mtoto huyu apate pa kukaa pa kudumu?

Pa kudumu kwa kawaida ni kwa ndugu. Malezi ya ukoo, ambamo bibi, shangazi au mjomba humchukua mtoto, yalikuwapo kabla ya sheria yoyote iliyotajwa hapa, na katika jamii za Kiislamu za mwambao utaratibu wa kafala, ambao humpa mtoto malezi bila kumbadilishia nasaba, una nafasi inayotambuliwa na Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, na nchini Kenya unatambuliwa pia na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Lakini ndugu nao wanapaswa kutembelewa. Undugu si cheti cha usalama, na mara nyingi aliyemdhuru mtoto ni wa ukoo uleule.

Eneo la Maziwa Makuu limeshuhudia utaratibu huu kwa kiwango ambacho nchi nyingi hazijui. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994 zaidi ya watoto 100,000 walisajiliwa kuwa wametengana na familia zao, na vituo vilivyofunguliwa kwa haraka kuwalisha viliwavuta hata watoto wenye wazazi, kwa kuwa mzazi mwenye njaa huona kituo chenye chakula kuwa ni nusura. Funzo hilo liliwafanya waliowapokea wakimbizi wa Burundi mwaka 2015, mkoani Kigoma kwa upande wa Tanzania na Mahama kwa upande wa Rwanda, kuzitegemea zaidi familia za kambo za wakimbizi wenyewe, wanaosema lugha ya mtoto na kupika chakula anachokijua. Rwanda baadaye iliweka katika kila kijiji wajitolea wawili, mwanamke na mwanamume, wanaoitwa marafiki wa familia, jumla yao wakikaribia 30,000. Hawachukui nafasi ya mtaalamu, ila wanaishi jirani, na jirani husikia kilio ambacho afisa wa wilaya hawezi kukisikia. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa Tanzania hadi ngazi ya kijiji na mtaa zingeweza kufanya kazi hiyohiyo, lau wajumbe wake wangefundishwa nini cha kutazama na wapi pa kupiga simu.

Hatimaye msimamizi husimamia watu, si watoto pekee. Afisa aliyesikiliza visa vya kutisha mfululizo bila mtu wa kumsikiliza yeye huanza kuona kila kisa kuwa cha kawaida, na kuanzia hapo macho yake hayafai tena. Kumpa nafasi ya kuzungumza na mkubwa wake wa kazi kila wiki, kumwuliza aliona nini badala ya aliambiwa nini, na kumpumzisha kabla hajavunjika ni sehemu ya ulinzi wa mtoto kama ilivyo ziara yenyewe.

Mengi kati ya haya hayahitaji fedha nyingi, lakini ziara huhitaji nauli, na hapo ndipo mipango mingi hufa. Madiwani na wakurugenzi wa halmashauri wanaopitisha bajeti mwaka huu waangalie kwanza kifungu cha mafuta ya pikipiki ya afisa ustawi wa jamii kabla ya kuzindua familia za kuaminika kwa ngoma na fulana. Halmashauri isiyoweza kumrudisha afisa wake kwenye nyumba ile ndani ya siku tatu haijawa tayari kumweka humo mtoto hata mmoja.